Mashine ya Wenyewe Watatu

Mashine yetu ya kukatia majani, ile kubwa ya kupanda na kuendesha kwa usukani, ina wenyewe watatu: mume wangu, mdogo wake, na mjomba wao. Ukiuliza nani anaipenda, wote watatu watanyoosha mikono. Ukiuliza nani aliyebadilisha oili, mmoja atakumbuka kwamba hajaswali, wa pili simu yake itamwita, na Mjomba ataanza kukohoa.

Mimi nimekulia Tanga. Kule uwanja safi ni ule uliofagiwa asubuhi mpaka mistari ya ufagio ikaonekana mchangani. Majani karibu na nyumba ni maficho ya nyoka na aibu kwa mwenye nyumba. Huku viungani mwa Columbus, Ohio, mambo yamepinduliwa: majani ndiyo heshima, mchanga ndio aibu. Unayapanda, unayatia mbolea, unayamwagilia maji, na yakishakubali kukua unaanza kuyakimbiza na mashine. Lawama apewe Mwingereza mmoja, Edwin Budding wa Gloucestershire, ambaye mwaka 1830 alitazama mtambo wa kunyolea vitambaa kiwandani akaona visu vile vinaweza kunyoa na uwanja. Kabla yake majani mafupi yalikuwa anasa ya matajiri wenye kondoo na vibarua wa kufyeka. Baada yake kila mwenye nyumba amekuwa kibarua wa nyumba yake.

Wala si hiari. Majani yanayopandwa Ohio ni ya jamii inayopenda ubaridi, na mvua za Aprili na Mei zikiyakuta, unakata Jumamosi hii, Jumamosi ijayo unakuta hukufanya kitu. Miji ya huku ina kanuni za urefu wa majani. Ukizidisha, unaletewa barua. Ukiipuuza barua, wanakuja watu wa kukata, na gharama inapachikwa kwenye kodi ya nyumba yako. Nyumba zetu tatu ziko jirani kwa gari, na kila moja ina kiwanja ambacho Tanga ungejenga nyumba mbili na bado ukabakiwa na pa kukaangia vitumbua. Kukata kwa mashine ya kusukuma kulimlaza Baba watoto na mgongo. Mashine mpya ya kupanda inauzwa zaidi ya dola 2,000. Ndipo wanaume wakapata wazo la shirika.

Waliinunua iliyotumika, kwa mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Nilikwenda nao. Mzee alitukabidhi ufunguo, kitabu cha maelekezo ndani ya mfuko wa nailoni, na kijidaftari chenye jalada la bluu kilichobanwa kwa mpira. Ndani, kwa penseli na mwandiko ulionyooka, ameandika tarehe, saa za injini, na kazi iliyofanyika. Oili na filta. Plagi. Visu vimenolewa. Kichujio cha hewa kimekung'utwa. Betri imetolewa, imewekwa ndani ya nyumba. Ukurasa baada ya ukurasa, miaka na miaka, hakuna uliorukwa. Mstari wa mwisho ulikuwa wa wiki ile ile tuliyokwenda: oili mpya. Aliwatilia watu asiowajua oili mpya. Akatuambia jambo moja tu, tusiisahau betri baridi ikianza, na Shemeji akatikisa kichwa kwa niaba ya wote.

Makubaliano yalifungwa kwetu, juu ya chai na mandazi. Bei igawanywe kwa tatu. Kila mtu atajitilia petroli yake. Mashine italala kwetu kwa sababu sisi ndio wenye banda. Mjomba ataisafirisha kwa pikapu yake. Shemeji, ambaye ujanani alishinda kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, ndiye fundi. Nilikuwa namimina chai, nikauliza, "Na sevisi?"

Mjomba alinitazama kwa huruma. "Mkwe, sevisi ni ya kitu kilichoharibika. Hiki kizima."

Msimu wa kwanza ulipita salama, na wanaume wakauhesabu ushindi wao. Ukweli ni kwamba walikuwa wanatembelea oili ya mzee, visu vya mzee na plagi ya mzee. Kijidaftari kilikaa rafuni bandani, kimebanwa kwa mpira wake. Oktoba Mjomba alikata mara ya mwisho, akairudisha, akaegesha, akaondoka. Petroli ndani, betri ndani. Kisha theluji ikafunika kila kitu, na majani yakasahaulika kama deni la mtu mwingine.

Aprili Baba watoto akapanda kitini, akazungusha ufunguo. Tka. Akazungusha tena. Tka.

Kinachofanya tka ni kidubwana kidogo chenye nyaya nene mbili, ambacho kazi yake ni kupokea moto mdogo kutoka kwenye ufunguo na kuufungulia moto mkubwa wa betri uende kwenye stata. Betri ikiwa dhaifu, kidubwana kinagonga tu na stata haizunguki. Shemeji aliitwa. Alikipiga spana kwa mtindo wa Gerezani, akasikiliza, akakipiga tena, akatangaza kuwa betri imekufa. Hapo ndipo ugomvi wa kwanza ulipozaliwa, maana betri mpya ni hela. Baba watoto alisema aliyeitumia mwisho ndiye aliyeiua. Mjomba akajibu kwenye simu, kwa sauti iliyotufikia jikoni: "Betri imefia kwenu! Maiti huzikwa na nyumba aliyofia!" Shemeji alisema yeye mchango wake ni ufundi, na ufundi ameshautoa. Tulilipa sisi, si kwa haki bali kwa sababu majani yetu ndiyo yaliyokuwa marefu kuliko ya wote.

Betri mpya ilipofungwa, injini ikawaka, ikanguruma, ikanywea, ikanguruma, ikanywea, kisha ikazima. Petroli iliyolala tangu Oktoba ilikuwa imeganda utandu ndani ya kabureta, kwenye tundu dogo ambalo hata sindano ya cherehani haipiti. Petroli nyingi ya Marekani imechanganywa ethanoli mpaka asilimia 10, nayo ethanoli ya huku inapikwa hasa kwa mahindi. Shemeji alipoisoma habari hiyo kwenye kopo la dawa ya kutunzia petroli alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe tunainywesha gongo!" Gongo au si gongo, ethanoli inavuta unyevu, na petroli iliyokaa muda mrefu inaacha gundi. Dawa ile inatiwa kwenye tangi kabla ya baridi, au petroli inamalizwa yote. Kitabu cha maelekezo kilisema hivyo hivyo, mfukoni mwake, rafuni, juu ya kijidaftari.

Visa vya kiti nivipitie haraka, ingawa ndivyo vilivyonikasirisha kuliko vyote. Chini ya kiti kuna swichi: ukinyanyuka huku visu vinazunguka, injini inazima. Mjomba ni mwembamba, na kiwanja chake kimechimbwa na fuko, kwa hiyo kila akipita juu ya kifusi ananyanyuliwa kidogo na mashine inamzimikia. Alimwomba Shemeji aikate ile swichi aunganishe nyaya moja kwa moja. Shemeji alikuwa ameshashika koleo nilipofika. Mimi nafanya kazi wodini. Nimemwona mtu aliyeshuka kuondoa tawi huku visu vinazunguka, na sitaeleza nilichokiona maana wengine mnasoma huku mnakula. Hata zile mashine ndogo za kusukuma kwa mikono, sheria ya Marekani tangu 1982 inadai ukiachia mpini kisu kiwe kimesimama ndani ya sekunde 3. Madaktari wa watoto wa huku wanasema asiyefika miaka 16 asiendeshe ya kupanda, na mtoto asipakatwe juu yake hata kwa picha. Nililichukua koleo. Swichi ilibaki, Mjomba akaambiwa asawazishe vifusi, akanuna, na mashine ikaendelea kumzimikia mpaka alipovisawazisha.

Mwezi wa Mei kikaja kisa cha harufu.

Nilikuwa naanika nguo. Baba watoto alikuwa upande wa pili wa nyumba, vidude vya taarabu masikioni, anakata. Nikasikia harufu ya nywele zilizoungua, kisha ya kitambaa. Nilikimbia nikimpungia mikono, naye akanipungia akidhani namsalimu. Alipozima, injini ilikuwa inavuta moshi mwembamba na chuma chake kinalia, tik, tik, tik. Injini hizi hazina rejeta. Zinapozwa na upepo tu: kuna feni juu, ina mfuniko, inasukuma hewa ipite kwenye mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda. Hewa isipopita, injini inajipika.

Shemeji akaja na spana zake, akafungua mfuniko. Chini yake panya walikuwa wamejenga. Si kiota cha kubahatisha: kilikuwa kimesukwa duara, kikubwa cha kujaza viganja viwili, kwa majani makavu, sufi ya ndani ya mto, na nyuzi nyekundu na nyeusi nilizozijua mara moja. Nikachomoa kipande. Ilikuwa kanga yangu, ya doti niliyoletewa na mama yangu, niliyokuwa nikiitafuta tangu wakati wa theluji na kumsingizia mfuaji wa mashine za kulipia. Pindo lake lilikuwa bado linasomeka. Ikabainika kuwa Shemeji aliichukua bandani akaifanya tambara la kufutia mikono siku ile ya mwaka jana alipokuwa "anaikagua" mashine, akaiacha juu ya injini. Panya walikuta vitambaa vimeshaletwa mlangoni.

"Shem, nilidhani ni kuukuu," alisema.

Sikumjibu. Nilimwambia avute kijiti cha kupimia oili, maana muda wote huo hakuna aliyekivuta. Alikivuta, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Ncha tu ilikuwa na weusi, mzito, unanuka kuungua. Injini ile inachukua lita 1.4 hivi, na humo ndani nadhani kikombe cha kahawa kisingejaa. Mjomba, aliyekuwa amefika kuchukua mashine kwa zamu yake, alisema oili haiwezi kwisha kama haivuji chini. Huo ni uongo unaosadikiwa na wanaume wengi wenye pikipiki. Injini ndogo inayopozwa kwa upepo hufanya kazi kwenye joto kali na inaila oili yake kidogo kidogo, hasa ikizeeka. Kitabu kilitaka oili ikaguliwe kila mara kabla ya kuwasha, na ibadilishwe kila saa 50 za kazi au mara moja kwa mwaka. Kwenye kijidaftari cha mzee haikuwahi kufika hata saa 50.

Unadhani baada ya hapo walijifunza? Waliongeza oili mpaka alama, bila kumwaga ile nyeusi, wakapongezana.

Wiki chache kabla ya Idi ukakatika mkanda unaozungusha visu, ule unaopita juu ya sinia la chini. Shemeji akaupima kwa kamba, akaenda duka la vipuri vya magari, akarudi na mkanda wa urefu ule ule kwa nusu ya bei. Alijisifu sana. Lakini mkanda wa gari unazunguka ukiwa umekazwa wakati wote, wakati wa mashine ya majani unalegezwa na kukazwa kila visu vinapozimwa na kuwashwa, kwa hiyo unateleza kabla ya kushika. Ndiyo maana wa asili unasukwa kwa nyuzi za aramidi, jamaa ya zile za fulana za kuzuia risasi. Ule wa Shemeji ulikuwa mpira na matumaini.

Ulikufa usiku wa kuamkia Idi, au tuseme jioni yake, bado jua lipo kama kawaida ya Juni huku. Wageni walikuwa wanatarajiwa kwetu baada ya swala. Baba watoto alikuwa ameshakata nusu ya kiwanja, mistari imenyooka, mtu anajisikia. Mara moshi wa mpira, kishindo, na mkanda ukatoka ubavuni ukiwa nyuzi nyuzi. Mashine ikabaki katikati, mpaka wa nchi mbili: huku zulia, kule msitu. Ikasukumwa na watu wanne mpaka bandani. Duka la vipuri vyake lilikuwa limeshafungwa, na kesho yake watu walikuja. Wali ulisifiwa, watoto walipotelea kwenye ule upande mrefu wakarudi na kupe, na mgeni wetu mmoja wa Unguja, mwanamke mwenye adabu zake, alisimama dirishani na sahani ya pilau akauliza, "Huku mmewaachia mbuzi?"

Kikao kikaitishwa siku ya pili ya Idi. Mjomba alifungua kwa dua na kufuatisha lawama. Alisema mashine imelala vibaya kwetu ndiyo maana ikaingiwa na panya. Baba watoto alisema kulaza mashine ni mchango, tena mchango wa mwaka mzima, na kama kuna mwenye banda bora alitaje. Shemeji alisema fundi hadaiwi kipuri. Mke wa Shemeji, ambaye ni mpole mpaka achokozwe, aliuliza huyo fundi amelitengeneza lini bomba la jikoni kwake. Sauti zikapanda. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nilitoka nikaenda bandani, nikainua kiti cha mashine, nikanakili namba za modeli zilizoandikwa kwenye kibati chini yake, nikachukua kijidaftari na kitabu, nikarudi.

Sasa, mimi ni kijumbe. Mchezo wetu wa wanawake hapa mjini, wa kupokezana fedha kila mwezi, uko mikononi mwangu, na hajatokea mtu kula zamu ya mwenzake, kwa sababu haukuwekewa upendo bali utaratibu. Nikawaambia wanaume mashine inaingia kwenye utaratibu. Ufunguo unakaa kwangu. Anayeuchukua anatia dola 10 kwenye kopo la maziwa ya unga lililo juu ya friji. Kopo ndilo linalonunua oili, filta, plagi, mkanda wa asili, kunoa visu, na dawa ya petroli. Anayegonga jiwe au mzizi anajilipia mwenyewe. Oktoba betri inalala kwenye stoo yangu ya unga, haina mjadala.

"Yaani tunakodishiwa mali yetu wenyewe?" Mjomba aliuliza.

"Ndiyo, Mjomba."

"Na huyo atakayefanya hiyo sevisi nani?"

"Anayeshika kopo."

Walicheka. Nilimwita binti yangu mkubwa tukaifanya pale pale, kwa oili iliyokuwa imenunuliwa kwa ajili ya gari langu baada ya kuthibitisha kitabuni kuwa ni namba ile ile, 10W-30. Tuliiwasha dakika chache ipate moto ili uchafu usilale chini, tukaizima, tukachomoa waya wa plagi, tukafungua kizibo. Ilitoka nyeusi, polepole, na mwishoni ikatoka na chenga zinazong'aa, ambazo ni chuma cha injini yenyewe. Shemeji aliziona. Huyu ndiye mtu wa Gerezani, anajua zina maana gani, na kwa mara ya kwanza mwaka huo hakusema kitu. Nikaandika kwenye kijidaftari, chini ya mstari wa mzee, kwa kalamu ya wino, maana penseli inafutika na hawa watu nawajua.

Mkanda wa asili ulifika kwa posta. Kuufunga kulihitaji kuliteremsha sinia zima, na hiyo kazi nilimwachia Shemeji, nikamlipa kutoka kwenye kopo kama fundi mwingine yeyote. Alipokea fedha kwa aibu kidogo, lakini alipokea. Tangu hapo anakuja akiitwa, na spana zake anazifuta kwa tambara lake mwenyewe.

Mashine sasa inawaka kwa ufunguo mmoja. Ina chenga zake tumboni na sijui itatufikisha wapi, lakini inakata. Msikitini nasikia Baba watoto anawashauri watu juu ya umuhimu wa kubadilisha oili kwa wakati. Na wanaume hao hao wameanza kunong'ona juu ya kununua kwa shirika mashine ya kuondolea theluji. Nimewaambia wanunue wakipenda, ila kopo la pili litakuwa la dola 20, kwa sababu kwenye baridi mimi sitoki nje kwa bei ya kiangazi.

Mjomba hajatia kitu kwenye kopo Julai wala Agosti. Barua ya mji imeshamfikia, ameipiga picha akanitumia pamoja na alama ya mikono inayoomba. Majani yake yako magotini. Ufunguo ninao mimi.